Ama, Chai, Gari, Taa: Herufi Nilizokata

Mliponiandalia ile chai ya kuniaga, mliniomba niwaachie kurasa chache za mawaidha. Mawaidha sina. Mtu aliyefanya kazi moja zaidi ya miaka thelathini na bado anatafuta miwani akiwa ameivaa hana la kumshauri mwenzake. Nitawaachia nilichonacho: jinsi tulivyofanya kazi kabla ya hiyo mashine yenu kuanza kuwasomea herufi, nani alinifundisha, na kosa moja nililofanya miaka ya tisini ambalo hakuna hata mmoja wenu anayelijua. Vyeo na mishahara nimeviacha nje. Nafasi moja tu ya masomo itaingia humu, kwa kuwa haikuwa yangu.

Asubuhi yangu ya kwanza nilifika maabara nikiwa nimebeba cheti changu cha ufundi ndani ya fremu ya kioo, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kukitundika ukutani kwetu, mtaa wa Jericho hapa Nairobi, na hakutaka kitolewe humo. Aliyenipokea alikuwa Mzee Were, fundi mkuu, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililofupika kwa kufuliwa. Aliitazama fremu, kisha akanitazama mimi.

"Kijana, umekuja kazi ama umekuja kutundikwa?"

Akaisukuma fremu nyuma ya kabati, akanipa thamosi kubwa iliyojaa barafu, akaniambia niende machinjioni nikalete tumbo la mbuzi. Nilirudi na kipande kizuri, kizito, chenye vinyweleo ndani kama taulo. Nilijiona nimefanya kazi. Mzee Were alikiinua kwa vidole viwili.

"Mutinda, wewe ni Mkamba?"

"Ndiyo, mzee."

"Na umekula mbuzi tangu utoto?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hujui kwamba tumbo lake lina vyumba vinne?"

Nilijua kwa kitabu. Kwa mkono sikujua. Hilo taulo ni chumba cha kwanza, na halina ute hata tone. Vyumba vitatu vya mbele ni vya kulowesha na kusaga majani. Cha nne, cha mwisho, ndicho kilicho kama tumbo letu sisi: kina asidi, na kwa sababu kina asidi kina ute mzito unaolinda ukuta wake usijichome. Humo ndimo wanamoishi minyoo wanaonyonya damu ya mbuzi mpaka anapauka ufizi na kulala chini. Daktari wetu, mama mpole aliyeongoza mradi, alikuwa ameona kwamba mbuzi wengine wa wafugaji wetu hula majani yaleyale, humeza minyoo walewale, na hawafi. Alitaka kujua kama ute wao una siri. Na ute unatengenezwa na protini, na protini inaandikwa na jeni, kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kuisoma hiyo jeni, herufi moja baada ya nyingine. Nikarudishwa machinjioni siku hiyohiyo. Wachinjaji walicheka mpaka mmoja akaweka kisu chini.

Nikawa naenda mara mbili kwa wiki, kwa baiskeli, thamosi imefungwa nyuma kwa mpira. Watoto wa Jericho waliniona nikirudi na viatu vyenye damu wakanipa jina. "Niaje, Daktari Matumbo!" walinipigia kelele kutoka kwenye kona, na jina hilo likanishika kuliko lile la ubatizo. Mama hakulipenda. Alikuwa ameambia watu wa kanisani kwamba mwanawe anafanya kazi na darubini.

Nyinyi mnanunua vichupa vya dawa vilivyoandikwa hatua kwa hatua, hadi wakati wa kutikisa. Sisi tulikwangua ule ute kwa ukingo wa kioo, juu ya barafu, tukimbizana na wakati, kwa sababu ujumbe wa jeni unaokaa ndani ya seli huvunjika upesi, na ujumbe wa jeni ya ute ni mrefu mno, unavunjika kabla hujapumua. Mzee Were alikuwa akiniambia mkono wangu mtupu ni moto. Ukishika kichupa bila glavu, jasho lako linauvunja ujumbe uliomo; umekichoma, hata kama huoni moshi. Halafu ute wenyewe ulikuwa mkaidi. Uliziba pipeti, ukaning'inia kama uzi kutoka kichupa hadi kichupa, ukashuka mezani na kuelekea kwenye daftari. Nimewahi kupiga chafya mbele yake, Mzee Were akaniuliza kama nataka tuanze kusoma jeni ya Mkamba.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya filamu. Tulimwaga jeli kati ya vioo viwili virefu, tukiomba kusiwe na kiputo cha hewa, maana kiputo kimoja katikati na kazi ya siku mbili imekwenda na maji. Tukapitisha stima ndani yake kwa saa kadhaa, umeme ukikubali. Kisha filamu ya eksirei ilikaa juu ya jeli siku moja au mbili, ikaingia chumba cha giza, ikatoka na vistari vyeusi katika safu nne, safu moja kwa kila herufi ya DNA: A, C, G na T. Unaiweka juu ya kioo chenye taa chini yake, unaanza chini kabisa, unapanda kistari kwa kistari kama mtu anayepanda ngazi, ukitaja kila kimoja kiko safu gani. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika.

Tatizo ni kwamba tukizitaja herufi kwa Kizungu, si na ti na ji zilifanana masikioni, hasa msomaji akiwa na mafua na feni ikinguruma. Mzee Were akazipa majina ya kwetu. A ikawa ama. C ikawa chai. G gari, T taa. Ungepita nje ya mlango wetu ungesikia watu wazima wawili wakisema "taa, gari, gari, ama, chai" kwa saa mbili bila kucheka. Maneno mengine yaliyoruhusiwa mle ndani yalikuwa mawili tu. Mwandishi akitilia shaka alisema "rudia." Akiridhika alisema "pita." Hata salamu Mzee Were hakuitaka. Aliyeingia alisubiri filamu iishe ndipo aulizwe amelala aje.

Sheria yake kubwa ilihusu kuteleza. Vistari vinafanana, shingo inachoka, unapepesa jicho na unajikuta umeshuka ngazi ishirini, unasoma ulichokwisha kusoma. Kwa hiyo mwandishi akisikia kitu kilekile kinakuja mara ya pili, alitakiwa akipige mstari mwekundu, na msomaji arudi pale alipoteleza. Kwa kila jeni tuliyosoma na Mzee Were, sheria hiyo ilikuwa sahihi. Ilituokoa mara nyingi. Nasema hivyo ili mtu asimlaumu mzee wa watu, maana yeye hakuwepo. Alistaafu, akarudi kwao kulima, akaniachia funguo za chumba cha filamu na kalamu nyekundu.

Nafula alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa binti wa Jericho kama sisi, mlango wa nne kutoka kwetu, na mama yake aliuza matumbo pale sokoni. Alipewa mkataba wa mwaka mmoja, ungeongezwa kama kazi yake ingeridhisha. Njiani aliongea Sheng na wenzake mpaka getini, na akivaa koti jeupe alibadilisha lugha kama anayebadilisha viatu. Alikuwa na macho ambayo sijayaona tena kwa mtu. Filamu yenye ukungu ambayo mimi ningeitupa, yeye aliigeuza upande, akaiinamia, akaisoma hadi juu.

Mama yake ndiye aliyenieleza ute vizuri kuliko majarida, ambayo kwetu yalifika miezi mingi baada ya wengine kuyasoma. Siku moja nilisimama kibandani pake kununua, nikalalamika kwamba ule ute wa tumbo la mwisho umenishinda kuosha.

"Unaosha na nini?" akaniuliza Mama Nafula.

"Maji, mama. Maji mengi."

"Ndiyo maana. Huo ukiupa maji unakunywa, unanenepa. Tia chumvi, maji moto, ukwangue. Na usifikiri utaisha, mwanangu. Unatoa huu, chini kuna mwingine. Unatoa huo, chini kuna mwingine. Uleule tu, unajirudia."

Nilicheka, nikalipa, nikaenda zangu. Natamani ningesimama kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa mchana. Tulikuwa tumepata kipande cha jeni ya ute kilichotupa tabu miezi minne, na Nafula alikuwa msomaji, mimi mwandishi. Alianza vizuri. Kisha akafika mahali akasoma hivi:

"Ama, chai, ama. Ama, chai, taa. Taa, chai, taa. Ama, chai, ama. Ama, chai, taa. Taa, chai, taa. Gari, chai, chai. Chai, chai, taa." Akatabasamu bila kuinua kichwa. "Bwana Mutinda, huyu mbuzi anapenda chai."

Nilimkumbusha maneno yanayoruhusiwa. Akaendelea, na nikasikia ama, chai, ama tena, mstari mzima uleule, mpaka kwenye chai, chai, taa.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Vilevile.

"Umeteleza, Nafula."

"Sijateleza. Nimeweka rula." Na kweli rula ilikuwa pale, chini ya kidole chake. Akapanda tena, polepole, hadi mstari ulipojirudia mara ya tatu, kisha akasimama. "Ona hapa. Zile mara mbili za kwanza mstari unaanza ama, chai, ama. Hii ya tatu ni ama, chai, gari. Kama ningekuwa nimerudi chini, ingekuwa sawasawa na zile. Hii ina tofauti."

"Basi umeteleza, halafu ukasoma vibaya."

Nilimsogeza, nikainama nisome mwenyewe, na hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Nilipanda vistari kwa uangalifu wote. Nilipofika mara ya pili kwenye ama, chai, ama, nikajiambia moyoni kwamba hata mimi nimeteleza. Nikashuka. Nikapanda tena, nikateleza tena, ndivyo nilivyoamini. Macho yangu yalikuwa yananiambia ukweli na mimi nayakemea. Nikakaa chini, nikachukua kalamu nyekundu, nikakata mstari wa pili na wa tatu na yote iliyofuata, hadi pale herufi zilipoanza kuwa za kawaida.

Jumatatu alinijia na picha ya jeli nyingine, ile tunayoitumia kupima urefu wa kipande. Aliiweka mbele yangu kwa heshima, mikono yote miwili.

"Bwana Mutinda, kipande kwenye jeli ni kirefu. Kwenye daftari ni kifupi, karibu nusu. Hizo herufi zingine zimeenda wapi?"

Lilikuwa swali la fundi. Mzee Were angemwagizia chai kwa swali hilo. Mimi nilimwambia kwamba jeli ilikuwa na chumvi nyingi, kipande kimekimbia polepole, kwa hiyo kinaonekana kirefu. Nilisema kwa ile sauti ya mtu anayejua. Alikusanya picha yake. "Sawa," akasema, na tangu siku hiyo akawa anasoma anachoambiwa.

Daktari alikuwa ng'ambo kwa likizo ya masomo. Kabla hajaondoka alikuwa ameniachia kazi ya kuandika ripoti ya kila fundi, kwa sababu kulikuwa na nafasi moja ya kwenda kujifunza mwaka mzima katika maabara ya wenzetu wa ng'ambo, na alitaka aende mwenye macho mazuri. Sote wawili tulijua alikuwa na nani akilini. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa uwezo wa kusoma filamu. Kwenye fomu ya Nafula niliandika: Anarudia mistari. Asiachiwe filamu peke yake. Ni maneno sita. Sikuyaandika kwa hila, nilikuwa nayaamini. Lakini nilipoyamaliza sikusikitika kiasi nilichopaswa kusikitika, na nafasi ilipokuja kwangu sikushangaa kiasi nilichopaswa kushangaa.

Mkataba wake haukuongezwa. Alimalizia miezi yake akiosha vioo vya jeli, na niseme havijawahi kung'aa vile. Siku ya mwisho alinirudishia koti likiwa limepigwa pasi na kukunjwa.

"Bwana Mutinda, nikuulize kitu kimoja?"

"Uliza."

"Ile gari uliisoma?"

Nilijifanya sikuelewa. Nikamwambia aende salama, awasalimie nyumbani.

Nikasafiri. Wiki ya kwanza katika maabara ya watu, kijana mmoja wa huko alinionyesha jeni ya ute wa tumbo waliyokuwa wakiisoma wao, ya nguruwe. Alifungua karatasi ndefu juu ya meza. Ilianza kawaida, kisha ikaingia mahali penye mstari mfupi unaojirudia, unajirudia, unajirudia, karatasi nzima, kukiwa na herufi moja imebadilika hapa na nyingine pale. Akanieleza kwa upole, akidhani nasikia kwa mara ya kwanza, kwamba hivyo ndivyo jeni za ute zilivyo. Protini yake ni uzi mrefu ulioning'iniza sukari pande zote, kama brashi ya kuoshea chupa. Sukari ndiyo inayonyonya maji na kuleta utelezi. Na mahali sukari inaposhikia ni palepale kwenye yale marudio. Kadiri marudio yanavyokuwa mengi, ndivyo brashi inavyokuwa ndefu.

Nilikaa kwenye kiti ambacho hakikuwa changu, nikamsikia Mama Nafula sokoni. Uleule tu, unajirudia. Kitu nilichokata kwa kalamu nyekundu ndicho kilichofanya ute uwe ute. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kijana yule aliniuliza kama naumwa, nikasema ni baridi ya kwao.

Aliniambia pia kwamba niwe makini na bakteria tunaowatumia kukuza vipande vya DNA, kwa sababu wakipewa kipande chenye marudio huwa wanakata baadhi na kuyatupa. Angalau wao hawaandiki ripoti juu ya mtu.

Sasa nakuja kwenye lile lililo baya zaidi, kwa maana lile la kwanza lilikuwa kosa na hili halikuwa kosa. Niliporudi Nairobi, nilizitoa zile filamu kwenye bahasha zake. Nilijifungia mchana mzima na rula, nikazisoma peke yangu, kila ama na kila chai, na gari ilikuwa palepale aliposema iko. Nikaandika yote katika daftari jipya kwa mkono wangu. Lile la zamani, lenye mistari myekundu na mwandiko wangu wa kiburi, nikalifungia chini ya droo. Daktari alipoona marudio alifurahi akanishika mabega. Urefu ulikubaliana na jeli. Katika makala za utafiti zilizotoka baadaye kuhusu ute wa mbuzi wetu, jina langu limo, nyuma ya lake. Jina la Nafula halimo mahali popote.

"Ile mara ya kwanza ilikuwaje?" Daktari aliniuliza. "Mbona ilikuwa fupi?"

"Filamu ilikuwa na ukungu," nikamjibu.

Ningeweza kusema jina moja tu. Daktari angemwita kesho yake, alikuwa mtu wa namna hiyo. Nilijiambia nitasema wiki ijayo, mradi ukitulia. Kisha ukaja msimu wa stima kukatwa kila mara, friji zikawa zinatutoa jasho, tukawa tunagawana barafu kama watu wa msibani wanavyogawana viti. Kulikuwa na sababu kila wiki. Mradi ukaisha kabla hatujajua kama marudio ya mbuzi wanaopona ni marefu kuliko ya wale wanaokufa, na mara nyingine nawaza kwamba ile miaka miwili tuliyopoteza na kipande kifupi ndiyo ingetosha kujua. Hilo siwezi kulithibitisha. Nalibeba tu.

Nafula alikuwa ameingia kibandani kwa mama yake. Kutoka kwetu kwenda barabarani njia fupi ilipita katikati ya soko la Jericho. Nikaanza kuzunguka nyuma, kwenye mtaro, mvua na jua. Mke wangu alishangaa.

"Mbona matumbo unayatoa soko la Muthurwa, na Mama Nafula yuko hapa?" aliniuliza.

"Ya Muthurwa ni masafi," nikasema. Nikamsingizia mwanamke msafi kuliko wote niliowahi kuwajua. Mama Nafula alipofariki nilituma rambirambi kwa mkono wa mke wangu, nikasema nina zamu.

Mtashangaa mtu anawezaje kuzunguka soko miaka yote hiyo. Inawezekana. Inakuwa njia yako, viatu vinaizoea.

Mwezi uliopita nilisafisha ile droo ili mwenzenu mmoja aweke vitu vyake. Daftari lilikuwa chini, kurasa zimegeuka rangi, wino mwekundu bado mwekundu. Nililitia ndani ya mfuko wa plastiki, nikashuka Jericho, na kwa mara ya kwanza tangu miaka ya tisini nikapita katikati ya soko.

Nafula siku hizi anaishi Njiru, lakini kibanda ni kilekile na huja kila siku. Amenenepa kidogo, amevaa miwani. Alikuwa anakwangua tumbo la mwisho kwa maji moto na chumvi. Alinitambua kabla sijasimama.

"Daktari Matumbo," akasema. "Leo umepotea njia?"

"Nafula, habari za siku."

"Ni nyingi. Uko na haraka, nikufungie?"

Nilitoa daftari, nikalifungua kwenye ukurasa ule, nikaliweka kwenye sehemu kavu ya meza. Alikausha mikono kwenye aproni, pande zote mbili, akashusha miwani puani. Alianza kusoma kimya, midomo ikisogea. Ama, chai, ama. Kidole chake kilipanda juu ya mistari myekundu kana kwamba haikuwepo. Kikafika mahali kikasimama, nami nilijua ni wapi.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema, "Nafula, nimekuja kukuambia kwamba wakati ule tulikosea."

"Rudia," akasema.

Hakuinua macho. Nilifikiri labda soko lina kelele, hakusikia vizuri.

"Nasema wakati ule maabara tulikosea. Hatukuwa tunajua jeni za ute zilivyo, hata wenzetu walikuwa—"

"Rudia."

Mteja mmoja, mama mwenye kikapu, alikuwa amesimama kando yangu akitusikiliza. Nilitazama kile kidole kilichosimama juu ya karatasi.

"Nilikosea," nikasema. "Wewe ulisoma sawa. Mimi ndiye niliyekata. Na nilipojua, nikanyamaza, nikabaki na nafasi iliyokuwa yako."

Akafunga daftari, akalifuta tone la maji kwa kiwiko, akaliweka ndani, chini ya meza, mahali anapoweka vitu vyake.

"Hiyo ya tatu ina tofauti," akasema. "Iandike hivyo."

Nilibaki nimesimama nikingoja aseme pita. Alikuwa amekwisha kumgeukia yule mama mwenye kikapu, anamuuliza anataka ya ngapi. Nikaenda zangu, kwa njia ya katikati ya soko.

Basi nimeiandika hivyo.